Kizibo cha Bastola ya Bibi Fiona

Gaudens alikuwa mhandisi wa mitambo ya maji katika mji wa Plymouth, ughaibuni, mtu wa kupima mara mbili hata anapokata keki. Ndiyo maana mkewe, Verediana, alishangaa aliporudi nyumbani kwao, mji jirani wa Crystal, Jumamosi mchana na kumkuta mezani kwenye besimenti, chumba cha chini ya nyumba, amevaa miwani ya kuogelea, anaikodolea macho bastola.

Bastola hiyo aliachiwa na jirani yao, bibi Fiona, mjane. Kwa miaka mitatu Gaudens alimkwangulia theluji mlangoni, na bibi alipohamia kwa binti yake akaona amwachie kumbukumbu ya marehemu mumewe: bastola ya jeshi ya mwaka 1943, nzito kama pasi ya mkaa. Karatasi zote zilikuwa sawa. Gaudens aliifyatua mara moja tu, kwenye ukumbi wa kulengea shabaha. Ilimrusha mikono juu kama anayeshangilia goli, na masikio yakamlia siku tatu. Tangu hapo aliiogopa, ila hakuwa tayari kusema.

"Nimeagiza seti ya kuibadilisha," alimweleza mkewe. "Unavua mtutu na hiki kifuniko cha juu, unaweka hivi vipya, basi inatumia risasi ndogo, zile wanazojifunzia watu. Hairuki, haipigi kelele."

"Na miwani ya kuogelea?"

"Maelekezo yanasema kinga macho."

Verediana akahakikisha kwamba bastola ni tupu, akachukua boksi la risasi, akalifungia kabatini na ufunguo akautia kifuani. "Haya, Baba Tulia, sasa chezea," akasema, akapanda jikoni.

Msaidizi wa Gaudens alikuwa Aboud, rafiki yake wa Mombasa mwenye duka la kutengeneza simu mji wa Hopkins. Aboud hakuwahi kushika bastola maishani, lakini alikuja na bisibisi kumi na nne.

"Yakhe, simu na bastola ni mamoja," alisema. "Vyote vina skrubu."

"Hii haina skrubu hapa. Ina springi, na springi inazuiwa na hiki kizibo. Maelekezo yanasema kizibo cha zamani kinahitajika kwenye seti mpya, na tukibane kwa kidole tunapokitoa. Kwa nguvu."

"Nguvu ya springi ndogo hivyo? Wewe bwana waogopa kila kitu."

Maneno hayo yalimchoma Gaudens. Akabana kizibo kwa kidole kimoja, kwa madaha, akazungusha pete ya mbele ya mtutu.

Paa!

Kizibo kiliruka kama panzi aliyemwagiwa maji ya moto, kikagonga king'ora cha moshi darini, na king'ora kikaanza kulia nyumba nzima. Aboud alikuwa tayari chini ya meza, anatoa shahada. Gaudens alisimama wima, kidole hewani, miwani imejaa ukungu. Verediana akashuka ngazi mbio na mwiko unaodondosha mchuzi.

"Nani amekufa?" akapiga kelele.

"Hakuna!" akajibu Gaudens. "Kizibo kimetoroka!"

Verediana alikipiga king'ora kwa mwiko mpaka kikanyamaza. Kisha wote watatu wakapiga magoti kutafuta. Waliinua zulia. Walimwaga gunia la mchele wa basmati kwenye shuka na kuupekua kama wanaotafuta mawe. Gaudens alichora mchoro, akakokotoa pembe kutoka darini, na hesabu ikaonyesha kwamba kizibo kimo ndani ya friza. Wakatoa samaki wote. Hakikuwemo.

"Mimi nenda zangu," Aboud alisema hatimaye, magoti yakimuuma. "Nje baridi imeanza." Akashika kofia ya koti lake iliyokuwa ikining'inia mgongoni, akaivuta kichwani kwa mkupuo.

Ko!

"Nimepigwa!" Aboud akalia, akakaa chini na kushika utosi. "Salwa mke wangu, nitunzie watoto!"

Kizibo kilibingirika kutoka kichwani mwake mpaka miguuni mwa Verediana. Alikiokota, akamtazama shemeji yake huyo, akacheka mpaka akashikilia ukuta.

Kazi iliyobaki ilichukua dakika kumi. Safari hii Gaudens alibana kizibo kwa viganja viwili na taulo.

Kesho yake, Gaudens na mkewe walipotoka misa, wote watatu walikwenda ukumbini. Gaudens alipanua miguu, akauma meno, akaegemea mbele kwa uzito wake wote ili kuukabili ule mrusho. Akafyatua. Bastola ikasema *tak*, kama stepla ya ofisini. Mrusho aliouegemea haukuja, akajikwaa mbele na kubamiza tumbo kwenye kaunta. Risasi haikuonekana ilikokwenda.

"Hebu nijaribu," Verediana akasema.

Akafyatua kumi, bila haraka. Karatasi ilipovutwa karibu, matundu yote kumi yalikuwa yamekusanyika mahali ambapo kikombe cha kahawa kingeyafunika.

"Shemeji," Aboud akasema polepole, akirudi nyuma hatua moja, "mimi sijawahi kukukosea, eh?"

Verediana alimkabidhi mumewe mkoba wake, akanyoosha mkono bila kugeuka, na Gaudens akamwekea mkononi magazini nyingine iliyojaa risasi.