Waziri Kwenye Foleni ya Machungwa

Jumamosi moja ya Desemba duka la matunda la mji wetu, huku Moravia, lilipata machungwa. Kabla lori halijazima injini, foleni ilikuwa imeshafika ukuta wa kanisa. Mbele ya wote alisimama Vojmír Kropáč, mwanauchumi aliyewahi kuwa waziri wa fedha, na aliyefia gerezani miaka michache nyuma. Theluji ilimwangukia mabegani na haikuyeyuka.

"Umewahi, Bwana Waziri," alisema Bibi Tesaříková.

"Sina usingizi siku hizi."

"Basi nishikie nafasi, nikaangalie supu yangu isije ikaungua."

Alimshikia. Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu afe: kuwashikia nafasi wajane, wagonjwa na wenye watoto wachanga. Alipokuwa hai aliandika kitabu kinene akieleza kwa nini maduka yatakuja kuwa matupu. Kitabu kilipigwa marufuku, na sasa muuza samaki alifungia samaki kwa karatasi zake. Watu walizisoma wakila, wakasema mzee alijua kuandika, ingawa hakuna aliyewahi kupata kurasa mbili zinazofuatana.

Binti yake, Zdislava, alikuwa amefukuzwa ualimu kwa sababu ya jina la Kropáč, na sasa alifua mashuka ya hospitali. Alitaka kitu kimoja tu: jina la baba lichongwe kwenye kaburi la mama. Jumatatu alimchukua baba yake, wakaenda ofisi ya mji kwa Ndugu Hubáček, mtoa vibali vya makaburi.

"Cheti cha kifo kiko wapi?" aliuliza Ndugu Hubáček.

"Gerezani hawakutupatia. Hata mwili hatukupewa."

"Sasa dada, nitasemaje amekufa na huyu hapa ananidondoshea theluji kwenye zulia?"

"Basi sema yu hai, umrudishie nyumba yake."

"Haiwezekani. Kwetu sisi mtu wa jina hilo hajawahi kuwepo."

"Niwie radhi kwa zulia," alisema mzee.

Machungwa yalikuja tena kabla ya Krismasi. Ndugu Hubáček alifika kachelewa, anahema. Mama yake alikuwa na homa na hakutaka kula kingine. Watu wakampa mgongo.

"Njoo usimame hapa," Kropáč alimwita.

"Baba!" alisema Zdislava. "Huyu? Huyu huyu?"

"Mama yake mgonjwa, mwanangu."

"Na mama yangu mimi?"

Mzee alitoka kwenye foleni, Hubáček akaingia, akapata machungwa ya mwisho. Alivua kofia mbele ya watu wote, akasema, "Ahsante, Bwana Waziri."

Mama yake alipona. Januari ombi la Zdislava lilikataliwa tena, na sahihi ilikuwa ya Hubáček.

Zdislava alimnunia baba yake siku kadhaa. Jumapili alipokwenda makaburini, mzee alimfuata nyuma, kabeba ndoo ya maji. Zdislava alilisugua jiwe. Chini ya jina la mama palikuwa patupu, na mzee akapapitishia kidole.

"Fundi alilisawazisha vizuri," alisema.

Zdislava alimkamulia kitambaa, akampa.

"Kunja mikono ya koti, baba. Utalowa."