Jumamosi za Mwalimu Lomenen

Mwalimu Lomenen alikuwa akifika Kakuma siku za Jumamosi, kwa basi la asubuhi litokalo Lodwar, akiwa na boksi la vitabu lililofungwa kwa kamba ya katani. Makondakta walishamzoea. Walimwachia kiti cha mbele na kumwekea boksi miguuni, kwa sababu siku moja walilitupa kwenye buti pamoja na magunia na mbuzi, naye akakataa katakata kupanda mpaka litolewe. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mshairi mwenye diwani mbili, ambazo watu wengi wa Lodwar walijua zipo na wachache walikuwa wamezifungua. Kutoka stendi alipanda bodaboda hadi kambi ya wakimbizi, kwenye kanisa la mabati la Wakongomani, na humo aliwakuta watu wake wakimsubiri kabla jua halijaanza kuyachemsha yale mabati: Firmin fundi cherehani, Nyakim aliyekuwa akisomea uuguzi, vijana kadhaa wa sekondari, na Céline.

Kwanza alitoa habari. Aliziita habari za nyumbani, ingawa nyumbani kwenyewe hakukuwa Lodwar wala Kakuma. Kulikuwa popote pale wanapokaa watu wanaoandika. Alieleza nani ametoa diwani mpya, mashindano gani yamefunguliwa, mshairi gani amekosana na mchapishaji wake na kisa chenyewe ni nini. Aliyasimulia hayo kwa hamu ileile ambayo wanaume wengine husimulia mpira, akikatiza sentensi kucheka. Baada ya hapo alifungua boksi, watu wakarudisha vitabu vya wiki iliyopita na kuchukua vingine. Hakuandika popote nani kachukua nini. Kitabu kikipotea alisema kimempata mwenyewe.

Céline alikuwa akifundisha darasa la tatu katika shule mojawapo ya kambini. Alikuja kutoka Kongo akiwa bado msichana, pamoja na mama yake na kaka yake Elie. Mama alifia kambini. Elie, alipokua, alipata kazi ya utingo kwenye malori yanayovuka mpaka wa Nadapal kwenda Sudan Kusini, na safari moja lori lao lilikutwa kando ya barabara, ng'ambo ya mpaka, limeungua. Dereva alizikwa hukohuko. Elie hakuonekana, si mzima wala maiti. Hakukuwa na matanga, maana hakukuwa na wa kumlilia kwa uhakika, na majirani waliokuja kutoa pole hawakujua waseme nini, wakakaa kidogo wakaondoka.

Shairi la kwanza alilompelekea Mwalimu lilikuwa juu ya Elie. Mzee alilisoma amesimama mlangoni mwa kanisa, kwenye mwanga, miwani ikiwa imeshuka puani.

"Hizi nyota ni za nani?" aliuliza.

"Za Elie."

"Sikumwona. Nimeona nyota, nimeona mto, nimeona moyo unavuja damu. Huyu kaka yako alikuwa anapenda kula nini?"

"Sikumbuki, Mwalimu."

"Unakumbuka."

Céline aliikunja karatasi yake akatoka bila kuaga. Bila shaka alikumbuka. Alikumbuka mno, na ndiyo sababu alikuwa ameandika nyota. Jumamosi iliyofuata hakwenda kanisani. Ile ya baadaye alikwenda, na Mwalimu akampa kitabu kana kwamba hakuna lililotokea. "Soma huyu," alisema. "Huyu anajua kumwandika marehemu bila kumpaka marashi."

Ilimchukua zaidi ya mwaka. Alisoma kila kilichoingia katika lile boksi, akaandika na kuchana, akaandika tena. Hatimaye, Alhamisi moja jioni baada ya kusahihisha madaftari ya watoto, shairi lilimjia karibu lote kwa mkupuo mmoja. Hakutaka kungoja Jumamosi. Alijirekodi kwenye simu akilisoma, akamtumia Mwalimu.

Jibu halikuja. Ijumaa ikapita. Jumamosi watu walikaa kanisani na vitabu mapajani, wakiangalia mlango. Simu ya Mwalimu iliita bila kupokelewa. Firmin alisema pengine mvua imenyesha huko juu, laga, ile mito mikavu, zimejaa maji na barabara imekatika. Lakini Nyakim alikuwa amepita stendi, na basi la Lodwar alikuwa ameliona kwa macho yake likishusha abiria. Céline alitazama simu yake. Moyoni alikuwa na hakika kwamba shairi lilikuwa baya, kwamba mzee alilisikiliza akashindwa la kumwambia. Aliona haya mbele ya wenzake kwa jambo ambalo hakuna aliyelijua.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, simu yake iliita. Ilikuwa namba ya Mwalimu, lakini sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Wewe ni Selini? Mimi ni Mama Ekwam. Bibi ya Mwalimu."

"Shikamoo, mama."

"Mwalimu alianguka Ijumaa, bafuni. Iko hai. Tumetoka naye hospitali leo asubuhi. Lakini mdomo imefunga. Mtoto wa jirani amesoma jina lako iko mara mingi kwa simu. Nikasema nikuambie."

Mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Céline aliomba, akaambiwa arudi, akarudi. Kijana wa ofisi ya vibali, aliyekaa dirishani, alimuuliza kwa Kiingereza mgonjwa huyo ni nani wake. Alisema ni mwalimu wake. Kijana alitazama kitambulisho chake, akatazama tena, akasema, "Lakini mwalimu si ni wewe?" Kwenye fomu hakukuwa na mahali pa kumwandika mtu aliyekufundisha kuandika. Wiki zilipita kabla ya kibali kutoka, na alipokipata aliondoka na basi la kwanza, akiwa na mkungu mdogo wa ndizi alionunua kwa mtu wa Kitale.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa Lodwar, upande wa Nakwamekwi, ua wake umezungushiwa miti ya miiba. Akoru, yule Mama Ekwam wa kwenye simu, alikuwa mwanamke mrefu mwenye shanga nyingi shingoni. Aliongea kwa upole wa mtu aliyechoka.

"Ejok?" alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mama."

"Karibu. Iko nyuma, kwa kivuli."

Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amevaa shati lililofungwa vifungo kombo. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani. Alipomwona Céline uso wake ulichangamka wote, upande mmoja zaidi ya mwingine, na mdomo ukafunguka kama ulivyofunguka kila Jumamosi alipokuwa na habari nzito.

"Kesho," alisema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Kesho. Kesho, kesho." Kisha alijisikia mwenyewe. Céline aliona jinsi alivyojisikia. Mzee alifumba mdomo, akatikisa kichwa, akageukia ukuta.

Akoru alileta chai ya maziwa, akakaa kwenye kigoda. "Ni hiyo tu imebaki," alisema. "Akitaka maji ni kesho. Akisikia njaa ni kesho. Mimi pia ni kesho. Daktari alisema damu ilimwagika mahali maneno inakaa."

"Anasikia?"

"Anasikia yote. Hiyo ndiyo mbaya." Alipuliza chai yake. "Na asubuhi anaimba. Ile wimbo ya ng'ombe yake ya ujana, ile ya pembe ya kupinda. Kiturkana, maneno yote inatoka sawasawa. Siku ya kwanza nilitoka mbio nikijua amepona. Nikamwambia, sasa sema Akoru. Akajaribu. Alijaribu mpaka jasho ikatoka."

Mwalimu alikuwa bado ameutazama ukuta. Céline alikuwa na swali moja tu la kumuuliza, naye hakuweza kulijibu. Hakujua kama Mwalimu alilisikia lile shairi kabla ya kuanguka. Kwa hiyo alifanya kitu pekee alichokijua. Alivuta kiti mbele yake akalisoma.

*Kaka yangu alipenda chumvi.*
*Aliinyunyiza juu ya kila kitu, hata embe,*
*Mama akimkemea, alicheka mdomo umejaa.*

Mzee aligeuka. Macho yalitulia juu ya midomo yake. Céline aliendelea: juu ya viatu vya Elie vilivyokuwa na kisigino kimoja, juu ya alivyolala na redio sikioni, juu ya asubuhi ile aliyoondoka na kusahau koti lake, akarudi kulichukua, akasahau tena kuaga.

*Sasa chakula chetu kinapikwa bila chumvi ya kutosha*
*na hakuna anayelalamika.*
*Machozi yetu ndiyo chumvi ya meza hii.*

Mkono wa kushoto wa Mwalimu ulipiga mkono wa kiti. Céline alishtuka, Akoru akanyanyuka.

"Umechoka, Mwalimu?"

Akapiga tena. Hakuwa amechoka. Uso ulikuwa umekunjamana kwa ile hasira ndogo aliyoijua vizuri, ya mtu aliyekanyaga kijiwe kwenye njia nzuri. Céline alirudi nyuma, akasoma tena kuanzia kwenye chakula. Alipofika kwenye machozi, mkono ulipiga kabla hajamaliza.

Akaelewa. Alisoma kwa mara ya tatu, akaishia pale ambapo hakuna anayelalamika, akanyamaza.

Mkono ulibaki umetulia. Mzee alifumba macho. Machozi yalimtoka, jicho moja kwanza kisha la pili, na hakuwa na mkono wa kuyafutia kwa sababu ule mmoja uliobaki ulikuwa umeshika nguo ya Céline kwenye goti. Alikuwa mzima humo ndani, mzima kabisa na sikio lake lote, na mlango ulikuwa umefungwa kutoka nje. Céline alimfuta kwa kanga ya Akoru. Alitaka kulia naye, lakini mama mwenye nyumba alikuwa amesimama na vikombe, hakulia, na ilionekana vibaya mgeni kuanza.

Alipoaga, Mwalimu alimshika mkono akaongea kwa muda mrefu, neno lile lile moja, akilipandisha na kulishusha, akiuliza, akisisitiza, akicheka hata. Céline aliitikia, "Ndiyo, Mwalimu," mahali palipoonekana pa kuitikia. Kwenye basi alijaribu kukisia alichokuwa akiambiwa. Labda zilikuwa habari. Labda kulikuwa na kitabu kipya mahali fulani.

Mwalimu Lomenen alifariki kabla ya mwaka mpya, alfajiri, kitandani. Céline aliomba kibali tena. Kilitoka siku moja baada ya mazishi. Siku ya mazishi yenyewe alikuwa darasani akifundisha kugawanya kwa tatu, na mtoto mmoja mbele akamwambia, "Madam, mbona umesimama tu?"

Jumamosi iliyofuata walikutana kanisani. Céline ndiye aliyetarajiwa kusema, lakini alisimama, akawaangalia, akakaa. Firmin akasema machache kwa Kifaransa, akakwama, akaomba wote wasali. Baadaye wengi hawakurudi. Wengine walikuwa wamekuja kwa ajili ya mzee mwenyewe, na wengine walihitaji Jumamosi zao.

Ulipita mwezi hivi, Akoru akaja Kakuma. Hakutoa taarifa. Céline aliitwa na bodaboda wawili waliobeba maboksi ya vitabu, na nyuma yao alikuja yule mama mrefu akitembea kwa miguu kwenye vumbi.

"Hii ni yenu," alisema Akoru. "Nyumba imejaa yeye. Siwezi."

Céline aliweka mkeka, akachemsha chai, akamwekea ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Walikula. Kisha Akoru akaanza kueleza bila kuulizwa.

"Asubuhi ile aliamka kabla yangu. Nilisikia anaimba ya ng'ombe. Nikalala kidogo tena, nikisema akimaliza nitampelekea chai. Akanyamaza. Nikadhani amemaliza." Aliangalia mikono yake. "Ekwam alikuja kutoka Lokichoggio. Akaniuliza, mama, baba alisema nini mwisho? Nikamdanganya. Nilimwambia alitaja jina yenu wote."

Céline alimwongezea chai.

"Miezi yote hiyo nilikuwa nangoja jina yangu, mara moja tu. Hata vibaya. Hata kama angesema Akoru akitaka maji." Safari hii alilia, akiwa ameketi wima, bila kufunika uso, na Céline akalia pamoja naye, kwa ajili ya mzee, na kwa ajili ya Elie ambaye hakuna mtu aliyewahi kuketi kwenye mkeka huo kumlilia. Majirani waliochungulia mlangoni waliona ni msiba, wakavua viatu, wakaingia wakakaa.

Jioni Céline alimsindikiza hadi stendi. Basi lilikuwa limeshawasha injini. Akoru aliweka mguu kwenye ngazi, akashuka tena.

"Nipatie moja," alisema. "Ya kukaa nayo."

"Nikimbie nikuletee, mama. Unataka kitabu gani?"

"Sijui. Mimi siwezi kujua. Yeye ndiye alijua."

Céline alifikiria vitabu vyote vile vilivyorundikana chumbani kwake, na hakuweza kuchagua hata kimoja ambacho kingemtosha mwanamke huyu. Alifungua mkoba. Kulikuwa na diwani ya kwanza ya Mwalimu, ile aliyokuwa akitembea nayo, pembe zimekunjika. Akampa. Akoru aliipokea kwa mikono miwili, akatazama picha ya mume wake nyuma ya jalada, kijana, mwenye nywele nyingi.

"Nani atanisomea?" aliuliza, si kwa kulalamika.

"Nitakupigia simu, mama. Nikupigie lini?"

Kondakta alikuwa akiita. Akoru alipanda, akakaa kiti cha nyuma kabisa, na kutoka dirishani alisema siku yoyote tu, isipokuwa Jumamosi.