Kusimama Hakuhesabiwi

Nyumba ile muuguzi aliichukia kabla dalali hajatoa funguo mfukoni. Alisimama getini, miguu ikimwaka moto kwa zamu ya jana, akatazama ua wenye bembea, barabara isiyopita malori, na shule yenyewe hapo ng'ambo, kuta zake nyeupe kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Alitafuta kasoro akaikosa. Hilo ndilo lililompandisha hasira zaidi, maana nyumba ya namna hiyo utaigombeza kwa lipi?

"Wifi, mbona umevuta mdomo?" akauliza dada wa mumewe, naye jibu alilijua fika. Mwanamke huyu alikuwa mwalimu mkuu msaidizi wa shule ile, akikaa nyumba ya tatu kutoka pale, na suala la kuhama kwa kaka yake alilishika kama ratiba ya masomo: amepanga yeye, wengine wafuate kengele.

"Sijavuta mdomo. Nauliza kazini kwangu nitafika baada ya muda gani."

"Dakika ishirini na sita," akadakia mumewe. "Nimepima mwenyewe, asubuhi, siku ya kazi."

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Wanafunzi walimwita Breki, kwa sababu gari la kufundishia lina kanyagio la pili la breki upande wa mwalimu, na mguu wake haukubanduka hapo tangu somo la kwanza mpaka la mwisho. Kwa mambo ya dakika hakuna aliyethubutu kumbishia. Shingoni alining'iniza saa ya kubonyeza, mfukoni aliweka daftari, na kila safari aliiandika. Muuguzi, pamoja na ugomvi wao wote wa miaka tisa, hakuwahi kumshika na uongo ndani ya daftari lile.

Akazipigia hesabu papo hapo. Zamu ya wodi ya wazazi huanza saa moja kamili asubuhi. Akitoka saa kumi na mbili na nusu, atakuwa amekaa na mwanawe nusu saa nzima, mtoto akiwa macho. Kule walikokuwa wakikaa alitoka saa kumi na moja mtoto amelala, akarudi mtoto amelala, na siku za mapumziko aliyelala alikuwa yeye. Muhula uliopita Kidoti, binti yao wa miaka saba, aliambiwa achore familia yake. Baba alimchora na usukani. Mama alimchora kitandani, macho yamefumbwa. Mwalimu akauliza kama mama anaumwa. "Hapana," Kidoti akajibu, "mama ndivyo alivyo." Mchoro ule muuguzi aliukunja akauweka kwenye kabati lake la kazini, na tangu hapo hakuwa na subira na mtu yeyote wa kumsifia bembea.

Yeye alikwisha kuona pa kuhamia. Ni mtaa wa nyuma ya hospitali, ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, ving'ora vya magari ya wagonjwa vikipita chini ya dirisha. Ua hakuna. Lakini kutoka mlangoni hadi wodini ni dakika tano kwa miguu, na shule ya mtaa iko kona ya pili. Alikwenda huko akasimama nje ya dirisha la darasa la pili, akasikiliza watoto wakisoma mpaka mlinzi akaanza kumshuku. Mtoto mmoja alikwama kwenye neno, mwalimu akamngoja bila kumfokea. Ikamtosha.

"Shule ya vichochoroni," wifi akasema alipoambiwa. "Mtoto wa kaka yangu?"

"Ni wangu pia. Nilikuwepo siku anazaliwa."

Wiki ile nyumba haikukalika. Walinuniana mezani, wakanuniana kitandani, hata sukari iliombwa kupitia kwa mtoto. Mwishowe muuguzi akaweka sharti. Fomu ya shule, ambayo mtoto hupangiwa shule kwa mtaa ulioandikwa humo, ilitakiwa ofisi ya elimu Ijumaa kabla ya saa sita mchana, nayo haipokelewi bila saini za wazazi wote wawili. Basi Ijumaa asubuhi, siku yake ya mapumziko, wampeleke kutoka geti la ile nyumba mpaka geti la hospitali. Zikiwa dakika ishirini na sita, hata thelathini na tano, atatia saini na hawatamsikia tena.

"Na ukishaona, ufunge mdomo," mumewe akasema.

"Nikishaona."

Kidoti aliachwa kwa jirani. Saa kumi na mbili na nusu gari la chuo cha udereva liliondoka kwenye geti la ile nyumba, kibao cha chuo juu ya paa, namba ya simu ya Breki imeandikwa kwa tarakimu kubwa mlangoni. Yeye alishika usukani. Muuguzi alikaa pembeni yake, kwenye kiti cha mwalimu. Wifi alikaa nyuma na mkoba mapajani, maana naye alikuwa na shughuli ofisi ya elimu. Fomu ilikuwa humo, imejazwa kwa mwandiko wake mzuri, mtaa umeshaandikwa, Breki ameshasaini.

Mwanzo walikwenda vizuri, na wifi hakuacha kupigia mtaa wake debe: majirani wastaarabu, maktaba, daktari wa watoto pale pale. Kisha wakafika kwenye mzunguko wa barabara nne, na magari yakasimama. Yalisimama mpaka watu wakazima injini. Ndipo muuguzi alipokiona kidole gumba cha mumewe. Kilikuwa kimebonyeza saa ya shingoni. Gari likasogea hatua mbili, kikabonyeza. Likasimama, kikabonyeza tena.

"Unafanya nini?"

"Napima."

"Mbona unabonyeza kila tukisimama?"

"Kusimama hakuhesabiwi," akasema kwa sauti ile ile ya kufundishia. "Mwanafunzi anaandikiwa muda wa magurudumu kuzunguka. Gari likisimama, nasimamisha saa. Ndivyo tunavyopima chuoni miaka yote."

Muuguzi alimtazama asijue acheke au amzabe kofi. Kwa muda kidogo alimwonea hata huruma. Kazi imemkaa mwilini, maskini, hajui tena dakika ni nini.

"Na mimi nikiwa ndani ya gari lililosimama, niko wapi? Sipo?"

"Usianze, Mama Kidoti."

"Mwenye uchungu wa kuzaa nitamwambia angoje, magurudumu hayazunguki?"

"Foleni ya leo si ya kila siku," wifi akasema kutoka nyuma.

Daftari lilikuwa juu ya dashibodi. Muuguzi akalichukua kabla mumewe hajaliwahi. Safari ya hospitali aliikuta: dakika ishirini na sita. Akafunua ukurasa wa nyuma yake. Kumbe bwana alikwenda kupima hata ule mtaa wa nyuma ya hospitali, kutoka hapo mpaka chuoni kwake: dakika hamsini na moja. Chini yake, kwa mwandiko safi: pamoja na foleni.

Akausoma mstari ule kwa sauti, polepole, kama anayemsomea mgonjwa masharti ya dawa.

"Safari yako umeihesabu pamoja na foleni. Yangu umeifyeka."

Breki akatazama mbele. Aliyejibu ni wifi. "Mimi ndiye niliyemwambia asikuchoshe na mahesabu. Mwanamume hawezi kuchelewa kazini. Wewe kuamka alfajiri umeshazoea."

Umeshazoea. Neno hilo lilimuuma kuliko daftari. Ile huruma ikaisha yote. Aliwachukia wote wawili, akawachukia kwa raha, bila kujilaumu.

Magari ya mbele yakaanza kutembea. Breki akaingiza gia. Muuguzi akaushusha mguu wake kwenye kanyagio la pili, akakandamiza kwa nguvu zote. Gari likaruka likazimika.

"Toa mguu!"

"Wifi, fomu tupu."

"Sina."

"Unazo. Unazigawa kila mwaka. Andika mtaa wa nyuma ya hospitali, kaka yako asaini, nitie saini yangu, ndipo gari hili litaondoka."

Honi zikaanza nyuma, moja, tatu, kisha barabara nzima. Dereva wa lori akawapita akiwa ameshusha kioo, akasoma kibao juu ya paa. "Mwalimu wa udereva huyo!" akawapigia kelele wenzake. "Hata kuondoa gari hawezi!" Mwingine akasoma namba ya simu mlangoni, tarakimu kwa tarakimu, akicheka. Breki, ambaye kwa miaka yote hakuna mtu aliyewahi kumpigia honi, alilowa jasho mpaka kola.

"Mpe fomu," akasema.

"Kaka!"

"Mpe!"

Wifi aliandika huku kalamu ikikwaruza karatasi. Breki alisaini juu ya usukani. Muuguzi alisaini juu ya lile daftari, akaitia fomu kwenye mkoba wake mwenyewe, kisha akatoa mguu. Walifika geti la hospitali saa mbili kasoro dakika ishirini. Hata ukiondoa dakika kumi za ugomvi, ni saa nzima.

Walihamia ghorofani mwisho wa mwezi. Wifi hakukanyaga huko. Alituma ujumbe kwamba mtoto ameharibiwa maisha, na aliyemharibia anajulikana. Breki alibeba makochi ngazi zote, akakaa wiki mbili hamwamkii mkewe.

Siku ya kwanza ya shule Kidoti aliamshwa na king'ora saa kumi na mbili. Alimkuta mama yake kakaa pembeni ya kitanda, sare ya shule imenyooshwa kando yake, kitana mkononi. Akamtazama usoni, akanyoosha kidole akamgusa ukope.

"Mama, leo huendi kazini?"

"Naenda. Bado tuna muda. Geuka nikuchane."

Mlangoni Breki alikuwa akivaa viatu, saa shingoni. "Dakika hamsini na moja kila asubuhi," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu wahamie. "Umeridhika?"

Muuguzi hakugeuka. Alizigawa nywele za mwanawe katikati, akahakikisha mstari umenyooka.

"Ukifika kwenye foleni, bonyeza," akasema. "Kusimama hakuhesabiwi."