Ejo ya Fundi Pastory

Nimesema na nitasema tena: mwaka juzi zilitoka gemu za maana. Mpira ulikuwepo, ngumi zilikuwepo, na ile ya magari ambayo mtu akishika padi hataki kuitwa kula. Mwaka jana tukaletewa mpira ule ule, umebadilishwa jezi tu. Mwaka huu? Mpira, jezi nyingine, na vita vya gizani ambavyo hata adui humwoni. Pleisteshen ni ile ile, na kila mwaka inazidi kuchuja.

"Kaka Feliksi, hayo ni ya moyoni mwako," aliniambia Japhet, kiongozi wa vijana wa Bangwe. "Sisi tunataka ya mwaka huu. Wachezaji wameshahama, kwako bado wapo timu za zamani. Jumamosi tunapeleka mashindano kwa mwenye mpira mpya."

Mashindano hayo ndiyo yalikuwa pumzi yangu. Bi Verediana, mwenye chumba changu cha gemu hapa Kasingirima, alishatamka: yakija, nibaki, yasipokuja, chumba anapewa fundi cherehani. Nina mke, nina watoto, na kazi nyingine siijui. Niliogopa mpaka usingizi ukanikataa.

Gemu mpya anazo Pastory, fundi aliyelelewa Burundi, anayezunguka na diski yake begani akiwawekea watu kwenye mashine zao. Alhamisi jioni nilimwandikia: "Fundi, nakuomba, uko wapi?" Akajibu maneno mawili: "Ejo Simbo."

Ejo, kwa Kirundi na kwa lugha ya kwetu pia, ni kesho. Ijumaa asubuhi nilifunga chumba, nikapanda bodaboda nimepakata mashine kama mtoto mgonjwa, nikaenda Simbo. Mama muuza mihogo alinitazama kwa huruma.

"Fundi wa gemu? Alikuwa hapa juzi, baba."

Juzi, yaani jana ya ile Alhamisi! Maana ejo ni kesho, na ejo ni jana pia. Mpaka mtu amalizie sentensi ndipo ujue. Neno hilo nimekua nalo, na bado nilisoma nilichotaka kusoma. Mjinga mimi! Nikampigia simu.

"Nimegonga kwako leo mpaka nimechoka!" Pastory alifoka. "Nikaenda Bangwe, nimewawekea wale wenye chumba cha gemu huko. Sasa nipo melini, tunaondoka."

"Shuka, Pastory! Nakusihi, ndugu yangu, shuka!"

Honi ya meli ikameza jibu lake, na simu ikakatika. Nililia pale pale mbele ya mihogo ya watu.

Jumamosi nilifungua chumba hivyo hivyo. Hakuja mtu. Nikawasha ile ya magari, nikaendesha peke yangu, nikashinda kila mzunguko. Mchana Bi Verediana akachungulia mlangoni, fundi cherehani nyuma yake anapima ukuta kwa macho.

"Feliksi, mashindano lini?"

Nilizima mashine, nikaanza kuchomoa nyaya.

"Ejo, mama," nikamjibu.