Jiwe Lililopona

Vita vilipoikata nchi vipande, mwaka wa tisini na nane, Ésaïe Lusenge alikuwa Butembo kumzika mama yake. Alikuja kwa siku chache tu. Mstari wa mapigano ukapita kati yake na Kinshasa, na hakuna aliyemwomba radhi. Kinshasa alikuwa mwanafizikia wa kwenye mtambo wa nyuklia. Butembo akawa mtu anayetembea na jiwe mfukoni.

Kwa kweli lilikuwa fuwele, ya udongo uleule mweupe wa bujia, plagi inayowasha pikipiki, ila imekuzwa polepole hadi ikawa angavu kama kioo. Lusenge aliijaza hidrojeni nzito, akaiacha mtamboni miezi mingi ipigwe na mionzi. Ikatoka na rangi ya chai, imejaa majeraha yasiyoonekana kwa jicho, na katika majeraha hayo hidrojeni imejibanza, haitaki kutoka. Hatari ya mionzi ilikuwa imekwisha zamani, naye aliibeba popote alipokwenda. Ni gesi kiasi gani iliyobaki humo? Swali hilo lilimlia ujana wote, na mashine ya kulijibu ilikuwa Ubelgiji.

Profesa wa huko alimfikia kwa redio ya parokia. Aje na fuwele, kazi ipo. Bila fuwele, asijisumbue. Padri Ananie, aliyekuwa na jeep na roho ngumu, akakubali kumfikisha Beni kwenye ndege. Godelive, mke wa Lusenge, atabaki na watoto mpaka atumiwe tikiti.

Kwa kuwa askari walikuwa wakipekua nyumba za mtaa wao, Lusenge alimpa noko wake fuwele aifiche. Noko Kakule, kaka wa marehemu mama yake, alinunua dhahabu kule Vulamba, na coffre, sanduku lake la chuma, liliheshimiwa hata na askari, maana dhahabu yao ililala humo pia. Lusenge alimwonya asiiangushe, asiigonge, asimwonyeshe mtu. Hakumwonya asiichome. Nani anachoma jiwe?

Mnunuzi wa dhahabu anachoma. Dhahabu hutoka machimboni imeshikana na zebaki, na anayeipokea bila kuichoma amenunua zebaki kwa bei ya dhahabu. Kakule alishaibiwa hivyo ujanani. Tangu hapo chochote kilichoingia katika sanduku lake kilipita kwanza kwenye moto wa chalumeau, bomba lake la gesi, na mkewe alisema heri hati za ndoa yao aliziweka yeye.

Asubuhi ya safari, Lusenge alipopita kuichukua, Kakule alifungua kitambaa alichoifungia kwa madaha. Fuwele ilikuwa nyeupe, safi, inametameta. Lusenge aliigeuza kwenye mwanga akitafuta ile rangi ya chai.

“Noko, uliitia mu moto?”

“Mais bien sûr, ndiyo. Kitu ya pori ilale mu coffre yangu bila kupita mu moto? Hapana.”

“Haikutoka mu pori. Ilitoka Kinshasa.”

“Na Kinshasa ni nini?” alisema Kakule. “Ilikuwa na buchafu, mutoto wa dada. Nilichoma mpaka ikapona.”

Imepona kweli. Majeraha yamefunga, hidrojeni imetoka ikapotelea juu ya mabati ya Vulamba. Lusenge alikasirika, lakini noko ni noko, naye alikuwa anangoja kushukuriwa. Akashukuriwa.

“Ile buchafu ilikuwa kazi yangu, noko. Yote.”

Kakule aliitazama chalumeau yake.

“Tunaweza kuirudisha?”

“Kule Kinshasa tu.”

“Donc basi, tungoje vita iishe,” alisema Kakule, na akaenda kumwambia mkewe aongeze mtu mmoja kwenye chakula cha mchana.

Nje padri alikuwa ameshawasha jeep. Lusenge alimwambia aende salama, akashusha garini sanduku lake la nguo. Godelive alikuwa amesimama kando ya barabara. Wiki nzima alikuwa amelia kwa sababu mumewe anaondoka. Alipoona sanduku linashushwa, akalia tena, na safari hii hakuweza kumwambia mtu kwa nini. Lusenge alimtia ile fuwele mkononi, akabeba sanduku, wakarudi nyumbani.