Mkubwa wa Polisi wa Marekani

Oscar, mtoto wa dada yangu Josephina, aliacha kupokea simu wakati wa masika. Alikuwa Marekani, akifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Frank, Mtanzania aliyepanga naye nyumba, alitwambia Oscar alitoka na gari kwenda kazini na hakurudi.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mimi mjomba ndiye niliyepaswa kuhangaika. Nikateremka na dada kutoka Kinole hadi polisi Morogoro mjini. Tulipokewa na inspekta, mama mmoja aitwaye Mwanvita.

"Mpigieni mkubwa wa polisi wa Marekani," dada alimwambia.

Mwanvita akasogeza kiti karibu naye. "Mama, huku polisi ni jeshi moja. Mtu akipotea Dumila au Songea, nampigia mwenzangu, na mkuu wetu ni mmoja. Kule hakuna mkubwa wa wote. Mji una polisi wake. Wilaya ina wake, chini ya mtu anayeitwa sherifu, na huyo anapigiwa kura."

"Polisi anapigiwa kura?"

"Kama diwani. Na mmoja hamwamuru mwingine."

"Sasa mwanangu yuko kwa nani?"

Mwanvita akafungua daftari. "Taarifa tutaipeleka, mama. Lakini huyo Frank aanze kuzunguka kule kule."

Frank akazunguka. Polisi wa mji walisema kiwanda kiko nje ya mpaka wao, aende kwa sherifu. Kwa sherifu wakasema aliyepotea huandikishwa anakoishi, arudi mjini. Mwishowe mji ukamwandikisha, ukatulia. Kila Frank alipopiga simu, dada aliuliza kama amemfikia yule mkubwa.

Josephina akaacha kwenda shamba. Mananasi yakaivia kule kule, yakaliwa na ngedere. Jirani alipomwambia asali tu, alijibu, "Nasali. Labda na mbinguni kuna mipaka."

Kiangazi kilipokolea, Mwanvita alinipigia. Oscar alikuwa ameacha njia siku ile ile aliyotoka, gari likatumbukia mtoni, katika wilaya nyingine. Sherifu wa huko alimtoa majini akiwa hana kitambulisho. Gari lenyewe lilikuwa bado na jina la aliyemuuzia, naye alishahama. Wakatazama waliopotea wilayani mwao, hayumo. Taarifa yetu ilikuwa imelala wilaya ya jirani. Muda wao wa kungoja ndugu ulipokwisha wakamchoma, majivu wakayafukia pamoja na ya wengine. Juzi tu ndipo taarifa hizo mbili zilipolinganishwa, kwa picha ya maiti.

"Hayatenganishiki?"

"Hayatenganishiki, mjomba. Pole sana."

Nilimkuta dada uwani, nikamwambia yote. Hakulia. Alikaa chini kwenye vumbi.

"Wamemchoma kama asiye na mama," alisema. Kisha akaniuliza, "Eustace, ingekuwa huku wangemwona?"

Nikamkumbuka kijana mmoja wa Matombo, huku huku kwetu, aliyepotea miaka ya nyuma. Jeshi ni hilo hilo moja, na mpaka leo wazazi wake hawajui alipo.

"Wangemwona," nikasema.

Padre alipanda kutusomea misa. Baadaye wanaume wakaniuliza kaburi lichimbwe wapi, kwani walikuja na majembe. Nikawaambia hakuna cha kuzika. Walibaki wamesimama uwani mpaka ukungu uliposhuka wakaanza kuondoka mmoja mmoja.