Goti la Mhandisi

Goti la mhandisi lilipoteguka, nilisikia raha. Sijisafishi: nilisikia raha ya kweli.

Tulibakiza kama saa moja kufika kileleni, pale ambapo njia inapanda wima hadi unang'ang'ania mizizi. Alikaa chini kwenye tope, mzee mwenye kitambi chake, akanyoosha mkono nimwinue. Niliutazama tu.

Sisi waongozaji tuna utaratibu wetu: mgeni mzito ndiye anayetangulia, wewe unamfuata kwa mwendo wake. Siku ile nilitangulia mimi. Nilikaza mwendo tangu getini, na kila alipoomba tupumzike nilimwambia bado kidogo. Asubuhi, aliposaini daftari la wageni, nilichungulia begani kwake nikaona jina nililolichukia miaka kumi na minne. Yeye hakunijua. Angenijulia wapi? Safari yake ya kwanza, alipokuja kukagua mnara wa redio kule juu, mwongozaji wake alikuwa kaka yangu.

Kaka alivunjika mguu kwenye mteremko huohuo. Mhandisi akashuka peke yake, akaoga, akala, akalala zake. Alifungua mdomo kesho yake, watu walipomuuliza mwenzake yuko wapi. Tulimkuta kaka ameegemea jiwe, baridi imeshammaliza. Halafu huyu bwana, mbele ya wakubwa, akaapa kwamba kaka alikataa msaada, kwamba alikuwa mbishi. Mama alikufa akiwa na neno hilo moyoni, na mtaa mzima ukaliamini.

"Usiniache hapa, mwanangu," akasema.

"Mimi si mwanao. Mimi ni mdogo wake yule mbishi."

Rangi ilimtoka. Nikamwambia asiposema ukweli nitashuka, nitaoga, nitakula, nitalala fofofo. Nilimaanisha kila neno, Mungu anajua. Nikajifunga mkoba, nikapiga hatua tatu. Mvua ikaanza kunyesha, ile ya mlimani, inayopenya mpaka mifupani.

"Hakukataa," akasema nyuma yangu. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Aliniomba nikawaite wenzake. Nilikuwa natetemeka. Akanivulia koti lake, akasema nikiwa na joto nitawahi kufika."

Nilimtukana matusi ambayo kaka mwenyewe angenizaba kofi kwa kuyatamka. Nikalia pia, sioni aibu. Kisha nikamwambia kwamba maneno hayo atayarudia getini, mbele ya waongozaji wote, na lile la koti asiliruke. Akaitikia kwa kichwa. Na kweli aliyarudia, neno kwa neno, wazee wa kazi wamesimama wakimsikiliza.

Lakini kabla ya hapo ilibidi tushuke. Nilimpa bega, tukateremka kwa muda wa saa tano, mvua inatucharaza, meno yake yanagongana sikioni mwangu. Mara mbili aliniangalia kifuani.

Nilikuwa nimevaa koti zito. Sikumpa.